Bosi Wangu Ananitetea

Shoga, kwanza nilishangaa rangi ya mdomo. Bosi wangu hapaki rangi ya mdomo akiwa nyumbani mpaka aje mgeni.

Mgeni hakuja. Kumbe ni video ya kurusha mtandaoni!

Akaniita sebuleni, akanitazama juu mpaka chini. "Hilo gauni zuri mno. Kavae lile la kupigia deki."

Nikavaa lililochanika kwapani, nikashikishwa ndoo isiyo na tone la maji. Akanishika bega, akaiambia simu yake, "Mimi nawatetea mabinti hawa. Kila binti ana haki ya kusoma!"

Kusoma! Mwanamke huyuhuyu! Juzi tu nilimpigia magoti aniruhusu kwenda darasa la jioni, nimalizie shule ya msingi. Akanijibu, "Na vyombo ataosha nani, bibi yako?"

Leo akanigeuzia simu. "Sema, mwanangu. Waambie mama anavyokutetea."

Mwanangu! Tangu lini?

Nikainamisha kichwa. Unanijua nilivyo, ulimi ukaganda. Akacheka, akawaambia watu wake, "Mnaona? Hawa hawana sauti. Ndiyo maana mimi ni sauti yao."

Eti sauti yangu! Alipozima tu simu, mkono ukatoka begani, akaufuta kwa kitambaa. Na watu wanampongeza mpaka sasa hivi.

Sauti ninayo, shoga. Nilichokimeza pale ni hiki: "Kama kweli unanitetea, mama, jioni osha vyombo mwenyewe. Mimi nakwenda darasani."