Mlango wa Ghala la Majembe

Mpwapwa, Jumanne usiku

Akida hajanisalimu tangu Wajerumani wampe cheo. Leo kaja mwenyewe karakanani, ananiita ndugu. Simwamini.

Nimebeba mizigo ya misafara, nimefundisha misheni, nimewapikia wazungu, na kote nilijiona mgeni. Useremala ndio kazi iliyonikubali. Siku hizi naamka nikiitamani.

Anataka mlango wa ghala la majembe. "Uwe mzito, komeo nje. Juu utoboe matundu."

"Matundu ya nini, bwana?"

"Ya hewa."

Majembe hayavuti pumzi. Na wanaokimbia kazi ya barabara wanakamatwa kila siku.

Kazi hii siiachi, lakini mlango huo...

Nilimwambia mbao zimekwisha. Akazitazama zilivyoegemea ukuta nyuma yangu, akasema, "Nitangoja."