Chokaa ya Idd

Mjambere, 20 Mei 1990

Dada Mwanasaumu,

Shikamoo. Habari za Maskati? Mnazi wako umeanza kuzaa. Picha ya mama uliyoitaka ilipigwa Idd mosi, chumbani mwake.

Usiusifu weupe wa ukuta. Kila mwaka doa la unyevu lilirudi, nami kila Idd nikalipaka chokaa. Mita ya maji ilizunguka mifereji yote ikiwa imefungwa, nikanyamaza. Mama aliposema anasikia maji ukutani, nilimwambia ni uzee.

Amekuandikia kwamba aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wallahi hakuteleza. Ukuta ule ulimwangukia kitandani.

Fundi aliyekuja kuujenga upya aliuliza nani aliyekuwa akipaka chokaa juu ya unyevu. Mama akamjibu, "Ni mimi, mwanangu."

Aliyepaka ni mimi,
nduguyo Matano