Rangi Nyekundu Mpakani kwa Baba

Kakese,
S.L.P. Mpanda,
16 Machi 2025.

Mpendwa kaka Dieudonne,

Habari za huko Masasi? Wifi Glory mguu umepona? Sisi huku wazima, ila kifua cha mama kinasumbua asubuhi. Mpunga umekubali mwaka huu.

Ningekupigia simu, lakini naichajia dukani na pale kila mtu ana masikio. Haya nakuandikia wewe peke yako.

Tangu Januari shule ya Séverine inawapeleka watoto porini kila Jumamosi. Wanaiita klabu ya mazingira. Mwalimu wao, Imakulata, ni mpya, anacheka sana, na mimi watu wanaocheka sana siwaamini. Mtoto akirudi ni maswali tu: mama, maji ya jaruba letu la mpunga yanatoka kijito gani? Mkaa wetu anachoma nani? Nikajiuliza, mwalimu anataka kujua hayo ili iweje? Nikamjibu mkaa unatoka dukani.

Basi siku moja nikakuta miti ya mpakani mwa shamba letu imezungushiwa rangi nyekundu, kuanzia kijitoni hadi kaburi la baba. Kaka, nilikaa chini. Wewe unaikumbuka rangi ile kwenye mlango wa nyumba yetu ya zamani kabla haijavunjwa, na unakumbuka tulilala wapi baada ya hapo. Baba alihamishwa mara mbili, akasema hapa ndipo mwisho.

Sikumuuliza mtu. Nilichukua panga nikaanza na ule mninga mchanga wa kaburini. Nakwangua, wekundu unazidi. Mninga una utomvu mwekundu, nani asiyejua? Lakini siku hiyo akili iligoma. Niliona ni rangi ya serikali isiyotoka, nikazidi kukwangua mpaka gome lote likaisha, mti mzima kuzunguka. Nilipoishiwa nguvu, miti mingine nikaiacha.

Jumamosi mwalimu akaja na watoto, akabisha hodi vizuri. Kila mtoto akakimbilia mti wake. Kumbe kila mmoja amechagua mti wa kuutazama mwaka mzima, unachanua lini, ndege gani anatua. Rangi waliyotilia alama ilibaki walipopaka mlango wa darasa. Séverine alichagua mninga kwa sababu unamtilia babu yake kivuli.

Akasimama pale akalia. Akaniuliza, "Mama, nani kaumenya mti wangu?"

Nikasema labda ng'ombe wa wapita njia. Mwalimu aliliangalia lile jeraha, akaniangalia mimi, hakucheka.

Majani yameanza kukauka. Nimeupaka udongo na samadi, sijui kama utapona. Naumia, kaka. Na bado sijamwamini yule mwalimu: watu wa mipaka wakija kesho, si watakuta miti imeshapakwa tayari? Njoo wakati wa mavuno usimame mpakani, wewe ndiye mkubwa wetu.

Panga langu lilipotea wiki iliyopita. Jana nimeliona darini, limeviringishwa kwenye sweta ya shule ya Séverine. Nimeliacha palepale, nalimia jembe tu.

Mama anakusalimu, na Restituta, na Kalisti ambaye sasa anaota ndevu. Mungu aliyemfikisha baba hapa awalinde na nyie huko.

Séverine naye anakusalimu. Amekaa mlangoni muda wote ninaoandika. Kaniuliza barua inasema nini, nimemwambia ni salamu tu. Hajaondoka.

Dada yako akupendaye siku zote,
Annonciata