Kidole Kilichofutika

Dada yangu,

Huku hatujambo, kikohozi cha baba kimepungua. Vidole vyangu bado vinachubuka kwa sabuni kali ya wodini, hata mashine ya kusoma alama za vidole kwenye mlango wa stoo ya dawa, ninakofagia, ikawa inanikataa: "Picha hafifu." Fundi akailegeza ikubali hata alama zisizolingana vizuri. "Sasa haitachagua sana, mama," akacheka.

Leo dawa hazipo. Mashine inasema niliingia Jumapili, na Jumapili nilishinda kwako nikimbembeleza mwanao. Fundi hapokei simu. Mkuu wa stoo kaniambia, "Kidole hakidanganyi."

Polisi wanakuja Ijumaa. Njoo useme nilikuwa kwako. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa; changu, dada, kinanivunja mimi.

Mdogo wako, nimesaini kwa kalamu.