Jina la Baba: Marehemu

Jumatatu, 3 Aprili

Itangazwe kwa wote wanaohusika, nao ni mimi peke yangu: katika chupa kubwa ya wino ya boma la Kisarawe leo asubuhi amekutwa mende. Amefariki. Uchunguzi umefanywa kwa kijiti cha kiberiti. Maziko mafupi, dirishani. Wino unaendelea na kazi.

Mvua. Barua saba, zote za kuomba ruhusa ya ngoma. Sajini Feruzi amemtuma Konstebo Athumani ng'ambo ya Ruvu akamlete mwizi wa mbuzi. Athumani kapita dirishani kwangu, kanipigia saluti ya kejeli kama kawaida yake.

Karani mkuu anastaafu mwezi wa sita. Nafasi ni yangu, naambiwa. Nimejipatia tai. Kuifunga bado sijui.

Jumatano, 5 Aprili

Saa tatu asubuhi kaingia mtu ofisini, matope mpaka kiunoni, pingu kazining'iniza mkononi kama aliyeleta samaki. Sajini akamuuliza kaletwa na nani.

"Nimejileta, afande. Aliyekuwa ananileta amekufa maji."

Huyo ndiye Sefu, mwizi wa mbuzi. Mto umefura, mtumbwi ukapinduka. Sefu akazama na pingu zake. Athumani alikuwa ameshashika tawi. Akaliachia. Akamfuata chini, akamfungua, akamsukuma kwenye tawi lile lile. Gogo likaja na maji likampiga yeye.

Sefu angeweza kukimbia. Anasema alifikiria, lakini hakujua pingu ampe nani.

Sajini alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Mimi nilichonga kalamu ya risasi mpaka ikaisha.

Alhamisi, 6 Aprili

Mwili ulinasa kwenye matete. Tumempeleka kwa lori, tumemzika Janga, kwa mama yake, Bi Tatu. Mwalimu alisoma talkini, mawaidha ya kaburini, akamwita maiti kwa jina la mama kama ilivyo ada: ewe Athumani, mwana wa Tatu. Nikamshukuru Mungu kwa ada hiyo. Jina la baba halikutajwa.

Kwa nini nilishukuru, najua mwenyewe.

Jumamosi, 8 Aprili

Bwana Shauri, Mzungu wetu mkuu wa wilaya, ameamua. Bamba la shaba litundikwe ukutani mwa boma, na gwaride siku ya arobaini. Mimi nitoe jina daftarini, lipelekwe kwa fundi Dar es Salaam.

Nimelifungua daftari. Mwandiko ni wangu. Miaka tisa iliyopita, wiki yangu ya kwanza kazini, kusoma nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari, na foleni ya vijana wanaojiandikisha uaskari imefika barabarani.

Jina? Athumani.

Jina la baba? Marehemu.

Nikaandika. Nikasema, anayefuata.

Athumani Marehemu. Nilishtuka jioni. Kufuta daftarini ni kosa, na kukosea wiki ya kwanza ni kosa zaidi. Nikalifunga. Mwenyewe alipojua alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Liache tu, karani. Jina halijapata kuua mtu." Tangu hapo kambi nzima haikumwita vingine. Marehemu, njoo ule. Marehemu, zamu yako. Marehemu, rudisha sabuni yangu.

Karatasi ya fundi nimeiandika kama daftari linavyosema. Naogopa, basi. Lori limeondoka nayo saa nane.

Jumatatu, 17 Aprili

Bi Tatu amekuja kwa miguu kutoka Janga, siku mbili, na kapu la mihogo kichwani. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Kiti alikikataa, akakaa chini.

"Nimeambiwa jina la mwanangu linaandikwa kwenye chuma."

"Ndiyo, mama."

"Na la babake?"

Nikamwambia la baba nalo huandikwa. Huo si uongo. Ni kitu kibaya kuliko uongo.

Mumewe aliitwa Kondo. Wazungu walimchukua kubeba mizigo wakati wa vita yao, Athumani akiwa anatambaa. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna aliyesema ameangukia wapi.

"Kaburini mwanangu kaitwa kwa jina langu, mimi nimeridhika. Huku kwenu aitwe wa Kondo. Kondo hana pengine pa kutajwa. Kusoma sijui, baba. Siku hiyo utanishika kidole, unipeleke juu yake."

Akaniachia mihogo. Nimeichemsha. Imenishinda.

Jumatano, 19 Aprili

Bi Tatu hajui kusoma. Nikimwekea kidole juu ya Marehemu hatajua, atashukuru, atarudi Janga. Nimelifikiria hilo dakika nzima, mchana kweupe, akili zangu timamu. Naliandika hapa nisije nikajisifu uzeeni.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimeingia kwa Bwana Shauri. Tai nimeifunga, vibaya. Nimesema yote.

Bwana ana Kiswahili cha kitabu, na kitabu chenyewe naona hakukimaliza. Alidhani Marehemu ni ukoo. Hotuba ameshaandika, ndani yake umo "ukoo mashuhuri wa Marehemu". Akaniambia amekuwa akistaajabu tangu aje: katika kesi za urithi, ukoo huo una watu wengi kuliko wote wilayani.

Nikamweleza maana ya neno. Sikucheka, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizoifanyia serikali. Yeye pia hakucheka. Aliutazama mwandiko, akanitazama mimi.

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa, Bwana."

Akaandika telegramu ya kumzuia fundi. Kisha akaandika barua nyingine, akailamba bahasha mwenyewe. Bahasha za ofisi hii hulambwa na mimi. Nikaelewa barua inamhusu nani.

Jumatatu, 24 Aprili

Hakuna jibu la fundi. Kama ameshachonga, basi. Shaba haifutiki, Bwana amesema hataagiza nyingine.

Sefu amehukumiwa miezi mitatu. Amepangiwa kufagia boma. Anafagia mpaka mahali ambapo hakuna anayepita. Nimemuuliza anatafuta nini. Kasema hatafuti kitu, mzee, anafagia.

Jumanne, 2 Mei

Majibu yamekuja mawili kwa lori moja.

La kwanza: karani mkuu mpya ni mtu wa Bagamoyo. Nasikia hajapata kukosea, kwa kuwa huandikiwa.

La pili: fundi hakuwa ameanza. Anaomba radhi kwa uvivu wake, atachonga jina jipya. Nimemwombea dua ndefu mtu mvivu nisiyemjua.

Tai nimempa Sajini. Anafungia mwavuli.

Jumatatu, 15 Mei

Mvua imekatika, kama imepewa amri. Gwaride lilinyooka. Bamba limeandikwa: KONSTEBO ATHUMANI KONDO. ALIFIA KAZINI, MTO RUVU. Bwana Shauri alisoma hotuba. Ukoo mashuhuri umeondolewa, mahali pake hakuweka kitu, kwa hiyo palikuwa na kimya kidogo katikati. Kimya kile kilikuwa kizuri kuliko hotuba.

Sefu alisimama mwisho wa mstari wa askari, hana pingu. Sajini alisema ziko stoo na ufunguo haujulikani ulipo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, niliuona umetuna.

Bamba limetundikwa juu mno. Bi Tatu hakulifikia. Hakuna aliyekuwa amemfikiria yeye wakati wa kupiga misumari, hata mimi. Sefu akakimbia, akaleta kiti changu cha ofisini, akakishika miguu kisitikisike. Bi Tatu akapanda. Nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya herufi, moja moja.

"Fupi hivi?"

"Fupi, mama."

Akarudia mwenyewe, peke yake, bila kushikwa. Mara mbili. Mara ya pili midomo ilikuwa inacheza. Aliposhuka alimwekea Sefu mkono kichwani, akauacha pale kidogo.

Nimelia. Nikasingizia vumbi, na mvua imeacha jana.

Jumanne, 13 Juni

Barua nne. Karani mkuu mpya anapiga miayo kwa mwandiko mzuri.

Konstebo mgeni ameripoti leo, kijana wa Kibuta, msomi. Alisimama chini ya bamba, akasoma kwa sauti, akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo, karani. Huyu Athumani Kondo ndiye nani?"

"Marahaba. Ndiye Marehemu."

"Hilo nimeliona. Nauliza ni nani."

Nikamwambia akamuulize mpishi wa kambi, aliyempikia miaka tisa. Akaenda. Akarudi.

Mpishi kasema hajapata kumpikia mtu wa jina hilo.