Papa Amemlilia Maman Faida

Ixelles, Bruxelles
Tarehe 17 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Cécile,

Jambo sana, shangazi. Goti linaendeleaje? Na mvua za huko Bukavu, zimeiacha nyumba salama? Sisi tunapumua, ila baridi imeshaingia mpaka mifupani.

Ninakuandikia juu ya ndugu yako, Papa Bertin. Unajua, tangu tulipokimbia vita hakuwahi kumtaja Maman. Mlango ukigongwa kwa nguvu, alijificha jikoni, mzee mzima. Hospitalini Woluwe walimpa dawa, na mwanasaikolojia, Madame Lieve, akawa anamwita kila wiki. Papa alikaa na koti lake mwilini. Mimi niliyekwenda kutafsiri nikakosa cha kutafsiri.

Mwezi wa tisa Madame akauliza jambo jipya: kwenu mtu akifa, watu wanafanya nini? Papa akainua kichwa.

"Wanakuya, wanalia, wananyoa kichwa. Faida hatukumulilia. Tulimuacha mu njia, tukakimbia."

Basi Madame akamwomba Maman Lina, anayeongoza maombolezo hapa Matonge, mtaa wa Wakongo, washirikiane. Tulikaa matanga katika ukumbi wa parokia. Maman Lina alimnyoa Papa, akaanzisha nyimbo za kwetu, wanawake wakaitikia. Madame Lieve alikaa mkekani kando ya Papa. Papa akaita, "Faida! Faida wangu!" Alilia hadi sauti ikakauka.

Sasa anazungumza na Madame, taratibu, na dawa anameza bila ugomvi. Hajapona, mlango bado unamshtua. Lakini anamtaja Maman hata mezani: mboga ya sombe ninayopika mimi, anasema, haijafikia ya Faida.

Bon, shangazi, furaha hii ina uchungu wake. Juzi tukitoka hospitalini, Papa alisimama kituoni akaniuliza, "Na Désiré? Juu ya nini yeye hawakumufanyia vile?"

Kaka yangu Désiré ndiye aliyeuvuta mwili wa Maman kando ya njia siku ile ya kukimbia, akiwa bado mtoto. Hapa alizunguka kwa madaktari, akazunguka kwa waombeaji, na kila upande ulimkataza kwenda kwa mwingine. Hakuna aliyewakalisha pamoja. Pombe ikammaliza, tukamzika mwaka juzi.

Nilimjibu Papa kwamba hatukujua kama pande hizo zinaweza kushirikiana.

"Kweli," alisema, "hatukujua." Akanishika mkono, hakuuachia hata basi lilipofika.

Nisalimie Tonton Hilaire, na Amélie na watoto wake. Mungu awafunike kwa mkono wake, awalaze salama na kuwaamsha salama.

Mtoto wako anayekupenda na kukukumbuka,
Mignonne