Viatu Vilivyonibana Siku ya Gwaride

Jumatano, jioni. Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi. Mawingu ya upande wa ziwa yalikuja, yakatutazama, yakaondoka. Sina imani na mtu yeyote leo.

Niandike kabla hasira haijapoa. Limi, binti yangu aliyeko Shinyanga mjini, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu. Aliniambia, baba, uwe unaandika yaliyo moyoni badala ya kumgombeza mama. Basi naandika. Shule yangu ni ngumbaru, tena sikuimaliza, lakini mwalimu mwenyewe alikiri kwamba nilikuwa naelewa kabla hajafunga mdomo. Kidole kimoja kinanitosha.

Jana niliguswa bega.

Asiyejua gwaride la utambulisho nimweleze. Polisi wakimkamata mtu, na aliyeibiwa anasema sura ya mwizi anaikumbuka, basi huyo aliyekamatwa anasimamishwa katikati ya watu wengine wanaofanana naye umri na umbo. Aliyeibiwa anapita mbele yao. Akimwona mtu wake anamgusa bega, kazi imekwisha. Hao wengine ni wa kuokotwa tu barabarani. Wanasimama, wanashukuriwa, wanarudi kwao.

Mimi nilikuwa wa kuokotwa.

Koplo wa kituo chetu, kijana mnene mwenye simu mbili, alinikuta kwa fundi baiskeli. Akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba huku najiuliza ana shida gani, maana siku zote hupita kama hanioni. Akasema wanatafuta wazee wenye ndevu nyeupe. Hapo sitaficha, nilinyooka mgongo. Ndevu kama zangu hazipo kuanzia hapa mpaka Kharumwa. Nikamwambia asubiri nikavae.

Nikavaa viatu vyangu vyeusi vya ngozi, nilivyonunua mnadani mwezi uliopita. Vinanibana. Muuzaji aliutazama mguu wangu akasema, mzee, wewe ni namba tisa. Nikamjibu mguu ni wangu, na mimi ni namba nane. Nikalipa, nikavaa palepale mbele yake, nikaondoka natembea vizuri mpaka nilipokata kona. Mama Limi, mke wangu, huniona nachechemea kwenda kanisani na hasemi kitu. Huko kutosema kwake najua maana yake.

Kesi yenyewe ni hii. Kuna mama mmoja, Mama Kulwa, ananunua dhahabu huko mashimoni. Ananunua kidogokidogo kwa wachimbaji halafu anampelekea tajiri wake Geita, maana mtaji ni wa tajiri. Sasa akaja mzee mwenye ndevu nyeupe na kipande kizuri, kikapimwa, akalipwa, akapotea. Kipande kilipofika Geita kikaonekana ni shaba iliyopakwa dhahabu juu. Tajiri akamwambia Mama Kulwa, ama fedha irudi, ama mtu afungwe, vinginevyo nitajua mlikula pamoja. Baada ya hapo wakamkamata Shija, mzee mgeni anayezunguka mashimoni akiuza kamba za kufungia ndoo.

Walitupanga uani mwa kituo, mgongo ukutani, ndevu tupu, utadhani kikao cha ukoo. Shija akatolewa mahabusu. Alikuwepo mkaguzi aliyetoka wilayani kuja kusimamia, mtu mkavu asiyetabasamu. Akamuuliza Shija kama anaridhika na sisi tuliopangwa. Akasema anaridhika. Akaambiwa achague pa kusimama, akaja kusimama kando yangu.

Hapo nikaanza kumshuku. Mstari wote ule, kwa nini kwangu? Akanipa mkono, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, ngosha," nami nikaitikia kiungwana. Lakini kiganja chake kilikuwa laini. Mtu anayeshika kamba za katani kutwa nzima, kiganja laini kakipata wapi? Hilo nililiweka kichwani, na kichwa changu hakipotezi kitu.

Na alikuwa peku. Huku kila mtu anajua kwamba ukiingia mahabusu unaacha mkanda na viatu kaunta. Mkanda walikuwa wamemrudishia. Viatu, hapana. Niliona, lakini wakati ule sikujali, maana miguu yangu ilikuwa inawaka moto.

Natamani niandike kwamba nilivua viatu kwa ajili ya haki. Ng'wandu, jirani yangu aliyekuwa mwisho wa mstari, nimemwambia hivyo. Ukweli ni kidole gumba cha mguu wa kulia.

Nilivivua polepole, nikavisukuma nyuma kwa kisigino mpaka ukutani. Raha ile sijaisikia tangu ninunue viatu.

Mama Kulwa akaletwa. Aliingia kichwa chini. Kwanza nikadhani ni heshima kwa wazee, kisha nikadhani analia. Alipita mbele yetu akitazama ardhi kama mtu aliyedondosha sindano. Alipofika kwangu akasimama. Mkono ukaja begani kwangu, ndipo akainua macho.

"Ni huyu," akasema. "Hii sura sitaisahau mpaka nakufa."

Sura ambayo alikuwa ameitazama kwa muda wa kupepesa jicho.

Wazee wakacheka. Ng'wandu alicheka mpaka akakohoa. Mkaguzi hakucheka. Alimuuliza tena kama ana uhakika, naye akarudia, ni huyuhuyu, na sasa akaanza kulia kweli. Mimi niliyekuwa kamanda wa sungusungu, niliyefuata nyayo za ng'ombe walioibwa nikiwa na rungu tu mkononi, nilianza kuhesabu siku. Siku ya utapeli ule nilikuwa msibani kwa shemeji yangu na watu wengi waliniona. Lakini pale ukutani nilijikuta nawaza nani kati yao atakubali kuja kunisemea. Mwingine nilishagombana naye kwa mpaka wa shamba. Mwingine hanipendi tu. Yaani mimi, mtu wa kuazimwa, nilishaanza kutafuta mashahidi.

Shija hakunitazama. Alishusha pumzi tu, ndefu.

Walituruhusu. Koplo akanisindikiza mpaka getini, na safari hii hakukuwa na shikamoo.

"Mzee, umetuharibia kazi," akasema. "Nani alikutuma uvue viatu?"

Nikamwambia vinanibana. Nikaondoka navyo mkononi. Nilikuwa nimeshavuka mashine ya kusaga ndipo neno lake likanirudia. Kama kazi ilikuwa ni kutambua sura, viatu vyangu vimeiharibuje?

Tangu hapo nawashuku wote.

Namshuku koplo. Kabla ya gwaride nilimwona amempa Mama Kulwa kiti barazani, ameinama anaongea naye. Sikusikia kitu, sitadanganya. Huenda alikuwa anampa pole. Namshuku na Mama Kulwa mwenyewe, maana hata bila kuambiwa angeweza kujua kwamba asiye na viatu ndiye aliyetoka ndani. Namshuku tajiri anayetaka mtu afungwe, mtu yeyote. Na Shija namshuku kuliko wote kwa kile kiganja.

Ndiyo shida yangu. Ningekuwa na uhakika kwamba hana kosa, ningeshapiga kelele mpaka Geita wasikie.

Leo asubuhi nilikwenda kituoni kumwona mkaguzi. Nilimweleza yote, la mkanda, la viatu, la macho ya Mama Kulwa, na maneno ya koplo getini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Nimekusikia, mzee wangu."

Neno hilo nalijua. Nilipokuwa balozi wa nyumba kumi nililitumia kwa kila mtu niliyetaka aondoke.

Mchana nikiwa kwa fundi baiskeli Ng'wandu akaleta habari. Gwaride linarudiwa kesho. Eti la jana liliingiliwa. Yeye ameitwa, wale wazee wengine wameitwa, na nafasi yangu kapewa mzee wa kanisani kwetu ambaye ndevu zake ni za kubahatisha. Mimi sikuitwa.

Wawili watatu kati ya walioitwa walikuwepo pale. Nikawaomba waende peku, wote. Wakaguna. Ng'wandu akasema yeye na vumbi la kituo wapi na wapi.

"Unamtetea tapeli kwa sababu kakusalimia Kisukuma," akaniambia.

"Simtetei. Namshuku kuliko wewe."

"Sasa?"

"Sasa mama yule akikugusa wewe?"

"Mimi sina sura ya tapeli, Bundala. Wewe unayo, hata mgeni kaiona."

Wakacheka tena. Fundi akaacha pampu akacheka naye. Nikawasubiri wamalize, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikawaambia jana nilipoguswa nilijua kabisa kwamba nitarudi nyumbani kula ugali, na bado nilianza kutafuta mashahidi. Yule wa kando yangu asingerudi popote. Na mbele ya yule mama, mimi na yeye kosa letu lilikuwa moja, hatukuwa na viatu. Kama ni mwizi, kwa nini asijulikane kwa pua yake, kwa jicho lake, kwa ndevu zake? Na kama siye, basi tapeli mwenyewe labda yuko mashimo ya Rwamgasa saa hizi anapaka kipande kingine, ametulia, kwa sababu kesi yake imeshapata mtu wa kuibeba.

Kwa nyuso za wazee hawa huwezi kujua wamekubali au wamenichoka. Nikawaambia ahadi zao sizitaki. Nawafahamu. Wataahidi hapa, wakifika kule koplo akisema vaeni viatu, watavaa mbio. Nataka viatu vyenyewe, leo, nyumbani kwangu.

Nikaondoka kabla hawajaanza kucheka mara ya tatu.

Nyumbani nilimsimulia Mama Limi mpango wangu, nikitegemea atanisifu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Na kesho wakimvalisha viatu yeye peke yake?" akauliza.

Nikamjibu hilo nilishalifikiria. Sikuwa nimelifikiria. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuwatazama kuku mpaka jibu likaja. Wakimvalisha kesho yule waliyemwacha peku jana, watakuwa wamelijibu swali langu mbele ya mkaguzi, na safari hii hataweza kusema amenisikia tu. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi la nje. Kukaa kwenye benchi hakuna sheria inayokataza, na kama ipo, waje waninyanyue mbele ya watu.

Nikarudi nikampa Mama Limi jibu hilo kana kwamba nilikuwa nalo tangu zamani. Akasema, "Haya."

Kuna jambo moja sikumwambia. Itakuwaje kama Shija ndiye kweli, na mama yule kwa hofu ya tajiri wake hakuwahi hata kuishika sura vizuri? Nitakuwa nimemfungulia mlango mwizi. Atatoka, ataniaga kwa adabu, kesho kutwa atamliza mama mwingine. Nimeligeuza hili jioni nzima na sijalimaliza. Nilipokuwa sungusungu hatukuwa na maswali haya. Tulimkamata mtu, tukamuuliza kwa fimbo, akasema tunachotaka, tukarudi tunaimba. Nilijivuna sana siku zile, na sijaacha. Ila jana ukutani nilifahamu jinsi mtu anavyopungua akinyooshewa mkono.

Saa kumi na moja hivi jioni ndipo akaja wa kwanza. Akaweka makatambuga yake ya matairi mlangoni, akaenda zake. Halafu wakaja na wengine, mmoja na yeboyebo za kijani za mkewe, nadhani viatu vyake vizuri kavificha, hata huyo namshuku. Yule wa kanisani alimtuma mjukuu. Nikaanza kuona kwamba bado nina sauti katika mji huu.

Ng'wandu hakuja. Nikakaa mlangoni nikimtukana moyoni.

Giza lilipoanza kuingia nikamwona anakuja na njia ya mashine, mabuti yake ya mvua kayashika mkononi, anakanyaga kwa kuchagua kama kuku kwenye matope. Hakunisalimia. Akayaweka pamoja na vingine.

"Yakipotea utanilipa," akasema.

Nikamuuliza imekuwaje. Akasema mkewe kamuuliza kama kesho akiguswa yeye, nani atakuja kumsemea, naye katika kufikiria akakuta jina langu tu. Nilifurahi, lakini sikumwonyesha. Nikamwambia aangalie miiba.

Sasa viatu viko hapa, vimepangwa ukutani kama wenyewe walivyopangwa jana. Chumba kizima kinanuka miguu. Mama Limi kafungua dirisha. Na vyangu vya namba nane nimeviweka katikati, na kesho navyo vitabaki.

Labda ni yeye, labda siye. Kesho Mama Kulwa akiingia kichwa chini atakuta miguu mitupu ya wazee, yote imepasuka visigino, yote ina vumbi moja. Itambidi ainue macho.